Maswali Yenu, Majibu Yetu: Mnara Ukizima, Simu Zizungumze Zenyewe

Mvua za masika ziko njiani, na barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja: maafa yakitufika na minara ikazima, simu janja tulizonazo mfukoni zinaweza kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe? Zinaweza, ila kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yanayowaangusha wengi. Hapa tunaita "mtandao wa simu kwa simu" mpango ambao kila simu inapokea, inatuma na inapitisha ujumbe wa wengine, bila mnara wala kompyuta kuu katikati.

Kilomita sita, ng'ambo ya mto

*Mwaka 2024, mwezi wa Mei, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika pale Somanga. Mama yangu anakaa kilomita 6 kutoka kwangu, ng'ambo ya mto. Nipakue programu gani ili siku mnara ukizima niweze kumpata? – Msomaji, Kilwa*

Ndugu yetu, tuanze na jibu chungu: hakuna programu itakayokufikisha kilomita 6 kwa simu yako na ya mama peke yake. Bluetooth ya simu hufika mita 10 hadi 30 ndani ya nyumba, na uwanjani penye uwazi inaweza kukaribia mita 100. Wi-Fi ya simu kwa simu huenda mbele kidogo ya hapo. Ujumbe ukifika mbali, umefika kwa kupokezana: simu ya jirani, kisha ya jirani yake, hadi mwisho. Katikati pakiwa na mto na shamba la mikorosho lisilo na mtu, mnyororo umekatika.

Kabla ya programu yoyote, hakikisha mtandao umezimika kweli. Piga 112: simu yako ikikosa mnara wa kampuni yako, kwa namba za dharura hutafuta mnara wa kampuni yoyote iliyopo. Piga hata kama hakuna vijiti vya mtandao. Ikiwa sauti haipiti, tuma SMS. Ujumbe wa herufi 160 unapita kwenye njia ya ishara ambayo haihitaji kushika laini kwa muda mrefu, na simu huweza kuurudia mtandao unapotokeza kidogo. Weka laini mbili za kampuni tofauti, kwa sababu minara haizimi yote kwa saa moja.

Na ujue kwa nini inazima, maana itakusaidia kupanga. Umeme ukikatika, mnara unaishi kwa betri saa chache, kisha kwa jenereta kama ipo. Jenereta inataka dizeli, na gari la dizeli linapita barabara ile ile iliyokatika. Kwa hiyo mtandao unaweza kuondoka upepo ukiwa umeshatulia, watu wakidhani hatari imepita. Beira, Msumbiji, Kimbunga Idai kilipotua usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, mji mzima ulibaki bila mawasiliano, na watu wa misaada walilazimika kuingia na vifaa vya setilaiti. Saa zile za kwanza ambazo mnara bado unapumua ndizo za kutuma SMS: uko wapi, mko wangapi, utakwenda wapi.

Kwa mtaa wako mwenyewe, programu zipo. Briar ni ya bure, kwa simu ni ya Android pekee, na inapita kwa Bluetooth, kwa Wi-Fi ya karibu, na kwa intaneti ikiwepo. Bitchat, iliyotolewa mwaka 2025, inafanya kazi kwa Bluetooth kwenye Android na iPhone, na ujumbe wake unaruka toka simu hadi simu mara zisizozidi 7. Bridgefy nayo ina miaka kadhaa. Hazielewani: aliye na Briar hamsikii aliye na Bitchat. Kwa hiyo swali la "ipi bora" halina uzito kama swali la "ipi tumekubaliana mtaa mzima". Kwa mama, soma jibu la barua ya Rufiji hapa chini. Kilomita 6 ni kazi ya redio au ya mtu mwenye mtumbwi.

Simu 12, ujumbe ukakwama kwa ya tatu

*Shule yetu iko chini ya Mlima Hanang. Tangu maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 tuna kikundi cha dharura. Tulijaribu programu ya Bluetooth kwa simu 12, tukajipanga toka shuleni hadi zahanati, kama mita 400. Ujumbe ulifika simu ya tatu ukaishia hapo. Tumekosea wapi? – Mwalimu, Katesh*

Mwalimu, mmefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: mmejaribu mapema. Hesabu kwanza. Mita 400 kwa simu 12 ni nafasi ya mita 36 hivi kati ya simu na simu. Uwanjani ingewezekana. Lakini masafa ya Bluetooth, gigahezi 2.4, humezwa na maji, na sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji. Simu iliyo mfuko wa nyuma wa suruali, mwenyewe akiwa ameipa mgongo simu inayofuata, inaweza kupoteza nusu ya umbali wake au zaidi. Ukuta wa tofali mbichi uliolowa nao hivyo hivyo, na bati ni kioo kinachorudisha mawimbi. Chukua mita 20 kama kipimo cha mahali penye nyumba, kisha zidisha simu mara mbili ili mmoja akizima wengine washike. Kwa mita 400 hiyo ni simu 40. Kama hamna 40, msijipange mstari. Wekeni vituo vitatu vinne penye watu wengi na mtu wa kutembea kati yake.

Umbali ni nusu tu ya tatizo lenu. Ujumbe unapofika simu ya tatu na kufa, sababu ya kawaida ni kwamba simu ya nne ililala. Android inabana programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa ili kuokoa betri, na watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu wameongeza ubanaji wao juu ya ule. Programu inaonekana imefunguliwa, kumbe imeshakatwa. Kwenye kila simu fanyeni hivi:

Fungua Mipangilio, nenda kwenye Programu, chagua programu yenu, kisha Betri, uweke isibanwe. Zima "kiokoa betri" cha simu nzima wakati wa zoezi. Kama simu ina orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, iingizeni humo. Kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, ifungeni kwa alama ya kufuli ili isifutwe mtu anapofagia zote. Halafu ruhusa: Android 12 na kuendelea inataka ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, Android 6 hadi 11 inataka ruhusa ya Mahali, na Mahali yenyewe iwe imewashwa, la sivyo simu haitafuti wenzake hata Bluetooth ikiwa inawaka. Kosa hili la Mahali halitoi onyo lolote, na simu nyingi za wazazi vijijini bado ni za toleo hilo. Mngelianza hapo.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni ya programu yenyewe. Katika Briar, ujumbe wa faragha hausafiri kupitia simu za watu wengine. Unatoka kwako kwenda kwa mlengwa mkiwa karibu, au kwa intaneti. Kinachopokezanwa ni jukwaa: ukifungua jukwaa na kualika wenzako, kila mwanachama anampa mwanachama mwenzake anayemfahamu kila kilichoandikwa. Kama mlitumiana faragha mkitegemea uruke, hautaruka. Fungueni jukwaa la kikundi, kila mmoja aongezwe na angalau wenzake wanne kwa kupigana picha za msimbo wa QR ana kwa ana. Mkiunganishwa wote kwa mtu mmoja, yeye akipoteza simu mtandao wote umekwisha.

Jaribuni tena hivi. Siku ya kwanza simu mbili tu, mmoja asimame, mwingine atembee hatua kwa hatua akituma namba 1, 2, 3. Namba ya mwisho kufika ndiyo umbali wenu halisi wa hapo, na muupime tena mbele ya ukuta wa zahanati. Siku ya pili simu tatu, ya kati ikiwa imezimwa kioo na kuwekwa mezani kwa dakika 30 kabla ya kutuma. Ikipitisha baada ya dakika 30, mmeshinda kazi kubwa kuliko zote. Ndipo muende kumi na mbili.

iPhone

*Nusu ya kikundi chetu tuna iPhone. Kuna tofauti? – Msomaji, Mombasa*

Ipo. iPhone inaruhusu Bluetooth ya programu iliyo nyuma, lakini kwa kuibana sana: simu nyingine haiioni kwa urahisi kama ilivyo ikiwa mbele. Wakati wa dharura iacheni programu imefunguliwa juu ya kioo, mwanga uwe wa chini kabisa. Msitegemee iPhone iliyo mfukoni kuwa daraja. Android iliyowekwa sawasawa juu ya dirisha ndiyo daraja, iPhone iwe ya kuandika na kusoma.

Kwa nini simu hazifanyi Wi-Fi ya moja kwa moja?

*Nasoma uhandisi wa mawasiliano. Vitabuni Wi-Fi ina hali ya kuunganisha vifaa bila kituo kikuu. Kwa nini simu zetu hazina? – Mwanafunzi, Dodoma*

Kiwango cha Wi-Fi kinayo hali hiyo, lakini Android haimfungulii mtumiaji wa kawaida. Lazima uvunje kufuli la mfumo mzima wa simu, na mtu aliyekimbia mafuriko hawezi kuambiwa aanze hapo. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, Paul Gardner-Stephen wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, alianzisha mradi wa Serval kwa nia hiyo hiyo. Programu yake iliweza hata kupiga simu za sauti bila mnara, ikagonga ukuta huo huo wa ruhusa. Baadaye mradi ukatengeneza kifaa cha pembeni kinachozungumza na simu kwa Wi-Fi ya kawaida na kuzungumza na kifaa mwenzake kwa redio ya UHF. Ukisoma historia hiyo utaelewa kwa nini leo tunawaelekeza watu kwenye redio ndogo za LoRa, tunazozieleza kwenye barua ya Rufiji hapa chini.

Badala yake, tangu Android 4.0 kuna Wi-Fi Direct. Hapo simu moja inajifanya kituo na nyingine zinaishikilia. Ni nyota, si wavu. Kikundi kimoja hakisikii kingine mpaka pawe na simu inayohama kati ya viwili. Wi-Fi Aware, iliyoingia na Android 8.0, ina dhana nzuri zaidi, ila inategemea chipu, na simu nyingi za bei ya chini hazinayo. Bluetooth ya nishati ndogo imeshinda kwa sababu moja tu: iko kwenye kila simu.

Kwa mradi wako wa mwisho, usipime "mtandao unafanya kazi" au "haufanyi". Pima asilimia ya ujumbe uliofika ndani ya dakika 10, ndani ya saa 1, ndani ya saa 6. Mwenye kamati ya maafa anahitaji namba hizo.

Watu wakiwa njiani

*Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 tuliambiwa tuhame. Maelfu tulitembea kuelekea Sake. Familia zilipotezana. Mtandao huu unafaa watu wanaotembea? – Msomaji, Goma*

Unafaa kuliko unavyofaa waliokaa, ndugu, mradi usitegemee jibu la papo hapo. Umati barabarani ni simu zilizosongamana, mita mbili tatu baina yake, na kila anayepita mwenzake ni fursa ya kukabidhiana. Wataalamu huita hii kuhifadhi, kubeba na kukabidhi. Simu yako inaweka ujumbe, inatembea nao, ikikutana na simu isiyo nao inaipa nakala. Mwaka 2000 watafiti Vahdat na Becker walieleza njia hii wakiifananisha na ugonjwa wa kuambukiza: kila akutanaye nawe anaondoka nao. Udhaifu wake ni nakala kujaa mpaka simu zinashindwa. Njia zilizofuata zinaweka kikomo, mathalani nakala 8 tu, kisha walio na nakala wanasubiri mpaka mmoja wao amkute mlengwa.

Kwa vitendo: ujumbe wa kutafutana uandikwe jukwaani, si kwa faragha, na uwe na mahali pa kukutana palipopangwa kabla. "Familia ya mama fulani wa kata fulani, tuko kanisani Sake, watoto 4 wazima, saa 1630" unaweza kubebwa na mtu asiyewajua. Ujumbe wa "uko wapi?" haubebeki, ukimfikia mlengwa baada ya saa tano hauna thamani tena.

Hapo kwenye saa tusisitize jambo linaloleta balaa kwetu waswahili. Saa kumi na 10:00 ni vitu viwili. Anayeandika "saa 4" kwa saa yetu atasomwa kuwa 04:00 na mgeni wa shirika la misaada. Andikeni tarakimu nne kama zinavyoonekana kwenye simu, 1000 au 2200, na mkubaliane hivyo siku ya mafunzo. Simu iliyozimika kabisa na kuwashwa bila mtandao iangaliwe tarehe yake pia. Baadhi ya programu hupanga au kutupa ujumbe kwa kufuata saa hiyo.

Vitongoji vitatu, bonde katikati

*Kamati yetu ya maafa ina vitongoji vitatu, vya mbali ni kilomita 4. Rufiji ikijaa, hatuvukiki. Tumesikia za redio za LoRa zinazounganishwa na simu. Tununue nini, ngapi, na tuanzeje? – Katibu wa kamati, Rufiji*

Katibu, hapa ndipo pa kuweka pesa ya kamati. Redio ya LoRa ni kibao kidogo chenye antena na betri. Simu inazungumza nacho kwa Bluetooth, chenyewe kinazungumza na vibao vingine kwa masafa ya chini yanayofika kilomita. Programu yake ya kawaida ni Meshtastic, ya bure, iliyoanza mwaka 2020. Mjini penye nyumba tegemea kilomita 1 hadi 3. Kutoka kilimani hadi kilimani, mkiwa mnaonana, 10 na zaidi. Bondeni Rufiji umuhimu wote ni kimo. Redio juu ya mnazi au juu ya tangi la maji la shule itawashinda redio tatu zilizo mezani.

Anzeni na tano: moja kila kitongoji, moja ya juu kabisa isiyo na mtu ya kupitisha tu, na moja ya akiba. Kwa ile ya juu chagueni yenye chipu ya nRF52840, kama RAK4631, kwa kuwa inakula takriban miliampea 10 hivi. Betri moja ya aina ya 18650 yenye mAh 3,000 inaibeba siku kumi hata bila jua, na paneli ndogo ya wati 5 inatosha kuirudisha. Za vitongojini zinaweza kuwa za ESP32, kama Heltec V3 au T-Beam. Hizi zinakula karibu miliampea 100, betri ile ile inaisha kwa siku moja na kidogo, lakini zinachajiwa kama simu.

Kabla ya kununua, iulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, masafa gani yanaruhusiwa kwa vifaa hivi na kwa nguvu kiasi gani. Vinauzwa vya megahezi 433, 868 na 915, na kibao cha 433 hakigeuzwi kuwa cha 868 au 915 kwa programu. Antena nayo hufuata masafa. Usimwachie muuzaji akuchagulie.

Kifaa kikifika, fungeni antena kwanza, ndipo mtie umeme. Redio ikirusha bila antena, nguvu inarudi ndani na inaweza kuunguza chipu, na kifaa kitaonekana kizima huku kinafika mita 50. Ndilo kosa la kwanza la wanaoanza. Kisha wekeni eneo la masafa; bila hilo hakirushi. Hakikisheni vyote vina mpangilio mmoja wa mwendo, LongFast ukiutumia basi vyote. Fungueni chaneli yenu yenye ufunguo wenu na kuisambaza kwa msimbo wa QR. Chaneli inayokuja na kifaa ina ufunguo unaojulikana dunia nzima. Ni sawa na mlango uliofungwa kwa kamba.

Ujumbe unaruka mara 3 kwa kawaida, na unaweza kupandishwa hadi 7. Msipandishe. Kwa LongFast, ujumbe wa herufi 200 hivi, ambao ndio ukomo wake, unakaa hewani karibu sekunde 2, na kila kifaa kinachourudia kinakaa sekunde 2 nyingine. Redio kumi zilizowekwa mruko 7 na kila moja ikitangaza mahali ilipo kila dakika zitajaza hewa mpaka "tunahitaji mtumbwi" isipite. Tangazo la mahali liwe kila dakika 30, au lizimwe kabisa kwa redio zisizohama. Ile ya juu tu ndiyo ipewe kazi ya upitishaji. Nyingine ziachwe za kawaida.

Redio moja inashikwa na simu moja kwa wakati. Kwa hiyo kila kitongoji kiwe na mshika redio na naibu wake, namba ya siri ya kuunganisha iandikwe kwa wino usiofutika mgongoni mwa kifaa kilichofungwa ndani ya chombo kisichopitisha maji. Pakiti ya silika, kile kifuko kidogo cha kwenye viatu vipya, kiwekwe ndani, kwa sababu joto la mchana na ubaridi wa usiku vitaleta matone kwenye kibao hata kama mvua haijaingia. Paneli isafishwe vumbi, na matundu ya antena yazibwe kwa silikoni. Maji huingia kwenye kiungo cha antena kabla ya kwingine kokote.

Andikeni ujumbe kwa mtindo mmoja. Mfano: "KITONGOJI B. SHULE DARASA LA 4. WATU 23. MAJERUHI 2, MGUU. MAJI HAKUNA. 1540." Mahali, idadi, hali, haja, saa. Kikaratasi chenye mpangilio huo kigandishwe kwenye chombo cha redio, kwa sababu aliyeona maji yakibeba ng'ombe wake hatakumbuka semina.

Chaji

*Umeme ukikatika siku tatu, Bluetooth si itamaliza betri? – Msomaji, Kisumu*

Bluetooth si mlaji mkubwa. Mlaji ni kioo, na pia simu inayotafuta mnara usiokuwepo kwa nguvu zake zote. Weka hali ya ndegeni, kisha washa Bluetooth peke yake. Ubaya ni kwamba mnara ukirudi hutajua, basi mteueni mtu mmoja atoke kwenye hali ya ndegeni kwa dakika 5 kila saa na awaarifu wengine.

Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 haichaji simu ya 5,000 mara nne. Namba ile ni ya volti 3.7, sawa na wati-saa 74. Theluthi hivi hupotea njiani, unabaki na 49, na simu inahitaji 19. Pata mara mbili na nusu. Paneli ya wati 10 siku ya jua zuri hutoa wati-saa 25 hadi 30: simu moja na nusu. Bodaboda yenye soketi ya kuchajia nayo ni mtambo, injini ikiwa inaunguruma.

Na simu ikiwa na redio ya FM, hifadhi waya wa masikio. Ndio antena yake, na redio ya jamii inaweza kuwa hewani mnara wa simu ukiwa umezima.

Chini ya kifusi

*Tangu ghorofa la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024 najiuliza: mtu aliyefukiwa anaweza kuonekana kwa Bluetooth? – Msomaji, Dar es Salaam*

Mita chache tu, mama, na si jambo la kuliwekea roho. Zege lenye nondo linabana mawimbi, na nondo zikiwa karibu karibu zinafanya kama kizimba cha chuma kinachozuia mawimbi. Aliye chini apige 112 kwanza, kisha SMS yenye ghorofa na upande aliopo, apunguze mwanga, azime vyote asivyohitaji, na asipige simu mfululizo. Agonge bomba au nondo mara tatu, apumzike, arudie. Sauti hupita kwenye chuma kuliko mawimbi yapitavyo kwenye zege. Walio juu wazime jenereta na wanyamaze kwa dakika kadhaa kila baada ya muda. Anayefahamu namba ya aliyefukiwa awape waokoaji, asimpigie kila dakika: kila mlio unamla betri.

Ujumbe wa uongo

*Mtu akiandika "bwawa limepasuka" na kila simu ikapitisha, tutamzuiaje? – Mtendaji wa mtaa, Morogoro*

Hutamzuia kwa programu. Mtandao usio na mnara hauna pia wa kufuta. Ndiyo sababu tunapenda watu waongezane uso kwa uso: jina linaloonekana kwenye simu yako ni la mtu uliyemwona akishika simu yake. Kwa matangazo ya kuhama, kubalianeni mapema kwamba ni watu wawili tu wanaoyatoa, yawe na neno la siku ambalo kamati hulibadilisha asubuhi kwa mdomo, na ujumbe usio na neno hilo usipitishwe na mshika kituo kabla hajatuma mtu kuona kwa macho.

Usiri nao si sawa kwa programu zote. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway, Uingereza, waliichambua Bridgefy wakakuta ujumbe unaweza kusomwa na kughushiwa. Wenye programu wakabadilisha mfumo na kutumia itifaki ya Signal. Bitchat ilipotoka, mwenye programu hiyo alitahadharisha kuwa haijakaguliwa na watu wa nje. Kwa "tunahitaji maji" haidhuru. Lakini jina la mtoto aliyepotezana na wazazi pamoja na mahali alipolazwa msiliweke kwenye chaneli ya wazi hata kidogo. Wako watu wanaowinda watoto kama hao. Andikeni "mtoto wa kiume, miaka 6 hivi, yuko kituo 2" na jina libaki daftarini mwa mshika kituo. Mzazi akija, yeye ndiye alitaje.

Picha na sauti zipigwe marufuku kwa saa za mwanzo. Tuseme kiungo kinabeba kilobiti 100 kwa sekunde: picha ya megabaiti 3 itakishika dakika 4 kwa kila mruko, na kwa miruko 5 ni dakika 20. Ujumbe wa herufi 200 unapita humo kwa chini ya sekunde moja.

Intaneti imeshakwenda, programu hatuna

*Maafa yakitukuta kabla hatujapakua, tumekwisha? – Msomaji, Tanga*

Mkiwa na simu hata moja yenye Briar, hapana. Ndani yake kuna sehemu ya kushiriki programu bila intaneti: simu hiyo inafungua hotispoti, wengine wanajiunga kwa Wi-Fi, wanafungua anwani inayoonyeshwa kwenye kioo na kuipakua kutoka humo. Simu itauliza ruhusa ya kusakinisha kutoka nje ya duka. Ikubali kwa kivinjari hicho, kisha iondoe ukimaliza. Zima data kabla, maana baadhi ya simu zikiona Wi-Fi haina intaneti hukimbilia data na ukurasa hauji. Fanyeni kwa mafungu ya watu watano watano, hotispoti ya simu hulemewa wakizidi kumi hivi. Nakala ya faili ya kusakinisha ikae pia kwenye kadi ya kumbukumbu ya mwalimu mkuu, ya mwenye duka la vocha na ya kituo cha bodaboda, pamoja na ramani za wilaya kwenye Organic Maps au OsmAnd. GPS haihitaji mnara, ila bila intaneti inaweza kuchukua dakika kadhaa kujikuta mara ya kwanza. Ukae nje, pasipo bati juu ya kichwa, mpaka ijione.